Maswali ya Wasomaji: Viwanja vya Vita Visivyo na Geti

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kuhusu maeneo ya vita vya enzi za mkoloni, kuanzia Arusha hadi Taveta: yapo wapi, unafikaje, na ukishafika utazame nini. Tumezifupisha kidogo.

SWALI: Mhariri, salaam. Ndugu yangu aliyeko Afrika Kusini amenitumia picha za Isandlwana: kuna geti, makumbusho, na marundo ya mawe meupe yanayoonyesha waliouawa walizikwa wapi. Nataka kuipeleka familia mahali kama hapo huku kwetu wakati wa likizo. Tukitokea Arusha, geti lipo wapi? (Msomaji, Sakina)

JIBU: Geti halipo, ndugu yetu. Isandlwana, ambako Wazulu waliwashinda Waingereza tarehe 22 Januari 1879, ni eneo lililotengwa na kutunzwa. Hapa Tanzania vinavyokaribia hali hiyo viko mbali nawe: Songea kuna Makumbusho ya Majimaji, na Iringa kuna makumbusho ya Kalenga pamoja na mnara wa Lugalo, pale ambapo jeshi la Mkwawa lilikifyeka kikosi cha Wajerumani cha Zelewski tarehe 17 Agosti 1891. Kaskazini, mapigano yalifanyika kwenye ardhi ambayo leo ni migomba, malisho au mitaa ya watu. Hakuna tiketi wala choo cha wageni. Ukienda bila kujua unachokitafuta, utarudi na picha za vichaka.

Kabla ya kuwasha gari, tenganisha vita viwili. Kuna vita vya wenyeji dhidi ya Wajerumani, vya kati ya 1891 na 1900, ambavyo alama zake ziko milimani: Kibosho, Old Moshi, na upande wa Meru. Kisha kuna Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani na Waingereza, ambayo huku kwetu ilipiganwa 1914 hadi 1916, nayo iko tambarare na kwenye vilima vya mpakani: Longido, Salaita, Latema na Reata, Kahe. Wanaojaribu kuviona vyote kwa siku moja hushinda ndani ya gari.

Kwa familia inayotoka Sakina, anzeni na Boma la Arusha, mwisho wa Barabara ya Boma, ambalo sasa ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Wageni wengi hukimbilia wadudu na habari za zamadamu, wakaupita mjengo wenyewe bila kuutazama. Ngome hiyo ilijengwa na Wajerumani mwaka 1900, baada ya misafara ya kijeshi dhidi ya Waarusha na Wameru iliyofuata kuuawa kwa wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, kule Akeri mwezi Oktoba 1896. Waliolazimishwa kuijenga ni haohao waliokuwa wametoka kushindwa. Waonyesheni watoto unene wa kuta na jinsi majengo yalivyopangwa kuuzunguka uwanja. Hapo wataelewa kwamba iliyojengwa ilikuwa ngome hasa.

SWALI: Habari za kazi. Nafundisha Historia sekondari. Nina wanafunzi 40 wa kidato cha tatu, nataka kuwapeleka Old Moshi kwa Mangi Meli. Nijiandae vipi, na niwaambie nini zaidi ya kilichomo kitabuni? (Mwalimu, Rau)

JIBU: Salama, mwalimu. Kwanza barabara. Kutoka Moshi mjini mnapita Kiboriloni kisha mnapanda. Njia ni nyembamba, ina kona kali, na ikinyesha inateleza. Basi kubwa la shule litakupa shida ya kugeuza. Chukua Coaster mbili, au Coaster moja iende awamu mbili huku nusu ya darasa ikianza kwa kutembea na mwalimu wa pili. Barua ipite kwa mkuu wa shule, iende kwa mtendaji wa kata wiki mbili kabla, na nakala kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Isiishie kusema "ziara ya kimasomo": taja tarehe, saa, idadi ya wanafunzi na walimu, na useme mnaomba mzee wa kuwasimulia. Barua isiyotaja idadi ndiyo inayoleta mshangao mkifika watu 40 na aliyewasubiri alikuwa amejiandaa kwa kumi.

Panga saa tatu hivi mkiwa juu. Anza na jengo la zamani la mahakama, ambamo tangu 2019 kuna maonyesho kuhusu Meli, aliyekuwa mangi, yaani mtawala, wa Old Moshi. Maliza humo kabla ya kwenda kwenye mti aliponyongwa na sanamu yake. Ukianza na mti, wanafunzi watapiga picha, watachoka, na ndani watapita mbio.

Kisha wape ardhi waisome. Mwezi Juni 1892 Wajerumani walikuja chini ya von Bülow wakitokea kituo chao cha Marangu, yaani walikuja kwa ubavuni mwa mlima, wakivuka bonde baada ya bonde. Wasimamishe wanafunzi mahali penye korongo na uwaulize: kikosi kinachotembea kwa mstari mmoja kwenye njia ya migombani kitamwona nani, na nani atakiona? Watu wa Meli walikuwa na bunduki, na Rindi, baba yake, alikuwa amezikusanya kwa biashara ya miaka mingi. Von Bülow alijeruhiwa na akafa. Wajerumani walirudi Agosti 1893 na jeshi kubwa zaidi likiongozwa na Gavana von Schele mwenyewe, wakaishinda Moshi. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa pamoja na viongozi wengine wa Uchagga na Meru. Kila mwaka tarehe hiyo hukumbukwa palepale, kwa hiyo kama ratiba ya shule inaruhusu, hiyo ndiyo siku.

Kitabu mara nyingi kinaandika "Wachagga walipigana na Wajerumani." Usiwaache watoto waondoke na sentensi hiyo. Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alipomshambulia Mangi Sina wa Kibosho mwaka 1891, Rindi wa Moshi alikuwa upande wa Wajerumani. Meli alipopigwa, Marealle wa Marangu naye alikuwa nao. Kila mangi alikuwa akipima jirani yake kwanza, Mzungu baadaye. Darasa la Moshi lina watoto wa Kibosho, Marangu na Old Moshi pamoja. Liseme wazi, lakini liseme kwa adabu.

Wataulizia fuvu. Inaaminika kichwa cha Meli kilipelekwa Ujerumani, na uzao wake wamekidai kwa miaka mingi. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha baadhi ya mafuvu iliyo nayo na jamaa walio hai hapa Tanzania. La Meli halikuwa miongoni mwa hayo.

Mti usipandwe, usichongwe majina. Na hapo mpo mbele ya nyumba za watu: salamu kwanza, simu ya kupigia picha baadaye.

SWALI: Nina duka Himo. Nasikia Makaburu walipigwa vibaya pale Salaita, ng'ambo ya Taveta. Nikivuka Holili asubuhi naweza kurudi jioni? Na kuna nini cha kuona, maana jirani yangu alienda akasema ni kilima tu? (Mfanyabiashara, Himo)

JIBU: Jirani yako hakukosea, ni kilima tu, tena kidogo. Tatizo lake huenda ni lile la karibu kila anayekwenda: alipanda juu kutafuta mahandaki.

Tuanze na safari. Inawezekana kabisa kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Beba pasipoti, au hati ya dharura ya kusafiria kutoka Uhamiaji, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana hawaiulizi kila siku lakini siku wakiiuliza huna pa kwenda. Kwa gari lako unahitaji kadi halisi ya gari, na kama jina lililoandikwa si lako, barua ya mwenye gari. Bima iwe inayotambulika Kenya, ile kadi ya njano ya COMESA, na kibali cha muda cha gari kutoka forodha. Epuka Jumatano na Jumamosi, siku za soko la Taveta. Wewe mfanyabiashara unajua foleni zake. Badili pesa kiasi tu cha chakula na cha kumpa kijana wa kukuongoza. Salaita iko kama kilomita 13 kupita Taveta, kwenye barabara ya lami iendayo Voi, na unaiona kabla hujaifikia.

Sasa yenyewe. Wajerumani walikuwa wameiteka Taveta tangu Agosti 1914, na Salaita ilikuwa kitasa chao kuelekea mashariki. Tarehe 12 Februari 1916 Jenerali Malleson wa Waingereza alileta watu wapatao 6,000, wakiwemo wageni wa vita hivi, Brigedi ya Pili ya Afrika Kusini. Mizinga ya Waingereza ikapiga kilele cha kilima, kwa sababu mahandaki yaliyoonekana kutoka mbali na kutoka angani yalikuwa kileleni. Yale yalikuwa ya uongo. Mahandaki yenye watu yalichimbwa chini, kwenye kisigino cha kilima, yamefunikwa na vichaka, na mbele yake msitu umefyekwa ili mwenye bunduki aone. Askari wa miguu walipokaribia wakiamini mizinga imeshamaliza kazi, risasi zikatokea usawa wa magoti. Waafrika Kusini walipoteza watu zaidi ya 130, wakarudi nyuma kwa vurugu, na walioziba pengo wasimalizwe ni kikosi cha Kihindi cha Wabaluchi, watu walewale waliokuwa wakidharauliwa na hao waliowaokoa.

Kwa hiyo usianze kileleni. Simamisha gari upande wa mashariki, mbali kidogo, asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako. Hivyo ndivyo washambuliaji walivyokiona kilima, na mwanga wa picha ni mzuri saa hizo. Kisha kizunguke kilima kwa chini, taratibu, ukitafuta mifereji mifupi iliyojaa udongo na mawe yaliyopangwa kwa mkono. Handaki la miaka zaidi ya mia moja si shimo tena: ni bonde dogo la kina cha goti, majani yake yana rangi tofauti na ya pembeni kwa sababu maji hutuama humo. Saa nne asubuhi jua linapokuwa bado la upande, kivuli kinaonyesha mstari wake. Saa sita mchana huoni kitu. Ukimaliza chini ndipo upande juu, uone jinsi mbinu ile ilivyokuwa nyepesi na ya kikatili.

Omba ruhusa kwa wanaotumia ardhi ile, na uende na mtu wa pale. Tembo wa Tsavo hupita maeneo hayo, na miiba ya migunga hupenya kandambili. Maji beba lita tatu kwa kila mtu. Hapo hapana kisima, na ndiyo maana Waingereza walilazimika kulaza bomba na kujenga reli kutoka Voi kabla ya kuthubutu kusogea.

Ukirudi Taveta pita kwenye makaburi ya vita, yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, na usome tarehe kwenye mawe. Utakutana na Februari 1916, na pia tarehe 11 na 12 Machi 1916. Hizo za pili ni za Latema na Reata, vilima viwili vilivyo magharibi ya mji, kando ya mpaka. Jenerali Smuts alipochukua uongozi wa jeshi la Waingereza hakuirudia Salaita kwa uso. Alituma kikosi kuzunguka kwa upande wa Ziwa Chala, na Wajerumani wakaiacha bila kupigania. Kwenye upenyo kati ya Latema na Reata walipigana hadi usiku, na makundi madogo ya washambuliaji yakang'ang'ania matuta gizani huku wakubwa wao wakiamini wameshindwa. Kulipopambazuka Wajerumani walikuwa wameondoka kuelekea Kahe. Vilima hivi vitazame kutoka upande wa Taveta. Usifuate vijia vya porini kuelekea Tanzania, kwani hizo ni njia za panya na maelezo yako ya utalii hayatamridhisha askari wa mpaka.

SWALI: Mimi ni kijana, napenda kupanda milima. Mapigano ya Longido yalikuwa kileleni? (Msomaji, Ngaramtoni)

JIBU: Hapana. Yalikuwa kwenye miteremko na miguuni pa mlima, kwenye njia za kuelekea maji. Tarehe 3 Novemba 1914, wakati wenzao wakiparurana Tanga, Waingereza na Wahindi wapatao 1,500 walitoka Namanga usiku, wakavuka uwanda usio na maji, wakatarajia kuamkia kambini mwa Wajerumani. Ukungu wa alfajiri ukawachanganya. Risasi zilipoanza, nyumbu waliobeba maji walikurupuka na mizigo yao. Kikosi kikapigana mchana kutwa na kiu, jioni kikarudi Namanga. Wajerumani nao waliondoka Longido baadaye mwezi huohuo, maana kuilisha kambi ile kutoka Moshi kulikuwa mzigo mzito.

Kutoka Arusha ni kilomita 80 hivi kwa barabara ya Namanga. Pata mwongozaji wa Kimasai kupitia ofisi ya utalii wa utamaduni pale Longido mjini. Mwambie mapema kwamba unataka njia za vita na chemchemi, la sivyo atakupeleka kileleni kama wengine, na hiyo ni siku nzima. Usiende peke yako: msitu wa juu una nyati. Ondoka Arusha saa kumi na moja alfajiri ukitaka kuuona ule ukungu.

SWALI: Shikamooni. Wanangu wakilima huku Kahe hukuta maganda ya risasi, na mara moja chuma kizito chenye kutu. Je, ni mali? Nayatambuaje? (Mzee wa Kahe)

JIBU: Marahaba haitufai sisi, shikamoo wewe, mzee. Tuanze na hicho chuma. Kama bado kipo, msikiguse tena. Weka fito nne kukizunguka, funga kitambaa chekundu, piga polisi 112 au mweleze mtendaji wa kijiji. Kutu haimalizi baruti iliyofungiwa ndani, huifanya tu isiaminike. Kahe palipigwa kwa mizinga tarehe 21 Machi 1916, na Wajerumani walilipua daraja la reli na mzinga wao mmoja mkubwa, uliotoka kwenye meli yao ya kivita Königsberg, kabla ya kuondoka. Kwa hiyo vyuma vya aina nyingi vimelala kwenye mashamba yenu.

Maganda yana lugha yake. Tazama kitako kwanza. Likiwa na ukingo uliotokeza nje kama kofia, na urefu wake milimita 56, ni la bunduki ya Kiingereza. Likiwa halina ukingo uliotokeza bali mfereji mwembamba umelizunguka kitako, urefu milimita 57, ni la Mauser ya kisasa ya Wajerumani. Likiwa nene, lina ukingo, urefu milimita 60, na kidole chako cha mwisho kinakaribia kuingia mdomoni mwake, ni la ile Mauser ya zamani ya mwaka 1871 waliyopewa askari weusi wengi wa Kijerumani. Ilitumia baruti nyeusi, kila risasi ikitoa wingu la moshi lililomwonyesha mpigaji alipo. Mabwana walishika bunduki zisizo na moshi.

Kisha angalia kile kiduara kidogo katikati ya kitako. Kikiwa na kishimo, na mdomo uko wazi, ganda limeshatumika. Kikiwa laini na risasi bado imo, rudisha chini na umwite polisi. Msilipige nyundo, msilitupe motoni, na mnunuzi wa chuma chakavu asipewe.

Kuhusu mali: ganda moja halina bei ya maana. Lina thamani likijulikana lilikutwa wapi. Andikeni tarehe, sehemu ya shamba na kina, mlifunge kwenye karatasi. Na akija mgeni na mashine ya kutafutia vyuma akitaka kuwalipa mchimbe, mkataeni, kwa kuwa kuchimba kutafuta mabaki ya kale bila leseni kumekatazwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.

SWALI: Kaka yake babu yetu alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, hakurudi. Nitapata jina lake kwenye makaburi ya Taveta au Moshi? (Dada, Marangu)

JIBU: Pole, dada. Tusikupe matumaini ya bure: wapagazi waliokufa ni makumi ya maelfu, na karibu wote hawakupewa kaburi lenye jina. Tume ya makaburi yenyewe ilikiri katika ripoti yake ya Aprili 2021 kwamba waliokufa wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Unaweza kutafuta jina kwenye tovuti ya tume bila malipo. Jaribu tahajia kadhaa, na jina la kwanza peke yake, maana makarani waliandika walivyosikia.

Penye nafuu ni parokiani. Misheni ya Kilema ilianza 1890, na sharika za Kilutheri za mlimani zina vitabu vya ubatizo vya tangu enzi za Mjerumani. Huko unaweza kupata mwaka wa kuzaliwa, ukoo, wazazi. Omba miadi na katibu wa parokia, nenda na majina matatu ya ukoo yaliyoandikwa, na mikono mikavu: karatasi zile hupasuka. Waulize pia wazee walimchukua upande gani, Wajerumani au Waingereza. Bila hilo hujui hata uanzie nyaraka za nani.

SWALI: Ni miezi gani mizuri? Na Lolkisale mmeisahau? (Msomaji, Monduli)

JIBU: Januari na Februari, au Juni hadi Oktoba. Februari ndiyo bora kwa Salaita, kwa kuwa vichaka vimekauka kama vilivyokuwa siku ya mapigano. Mwisho wa Machi acha. Mvua za masika za 1916 zilisimamisha jeshi zima la Smuts mara baada ya Kahe, na Noah yako haitafanya vizuri zaidi.

Lolkisale hatujaisahau. Kikosi cha van Deventer, jenerali aliyekuwa chini ya Smuts, kilikizingira kilima kile mwanzoni mwa Aprili 1916, na tarehe 6 waliokuwa juu, askari wa Kijerumani zaidi ya 400, wakajisalimisha. Kilima ndicho kilichokuwa na maji, kwa hiyo waliokizingira nao walikuwa wanakauka. Ripoti ofisi ya kijiji kabla ya kupanda, jaza mafuta kabla hujaacha lami, na kama imenyesha usiku, subiri siku moja: udongo mweusi wa kule hushika gurudumu hadi ekseli, na trekta la kukuvuta linaweza kuwa liko shambani mbali.